Wasiokuwepo Kwenye Hesabu

Mwaka 2005, katika mji mdogo wa Anamosa jimboni Iowa, mtu mmoja alichaguliwa diwani kwa kura mbili. Jina lake halikuwa limechapwa kwenye karatasi ya kura. Mkewe aliliandika kwa mkono, na jirani yake akafanya vivyo hivyo. Akashinda. Kwenye vitabu, kata yake ilikuwa na wakazi wapatao 1,400, sawa na kata nyingine za mji huo. Lakini 1,300 hivi kati yao walikuwa wafungwa wa gereza la jimbo, ambalo limo ndani ya mipaka ya kata. Sensa iliwahesabu wafungwa hao kuwa wakazi wa Anamosa, na idadi yao ndiyo iliyoipa kata hiyo haki ya kuwa na diwani wake. Kisha sheria ya jimbo ikawakataza kumchagua.

Anamosa baadaye iliachana na utaratibu huo wa kata, na ilifanya vyema. Naianzia habari hii huko kwa sababu Iowa ndipo mahali ambapo njia mbili za kumwacha mpiga kura nje zimeishi nyumba moja kwa miaka mingi. Ya kwanza ni mikutano ya mchujo ya vyama, ile inayoitwa kokasi, ambayo kuanzia mwaka 1972 iliifanya Iowa kuwa jimbo la kwanza kumpima kila anayeutaka urais wa Marekani. Ya pili ni sheria ya kumnyima kura mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, ambayo Iowa iliishika kwa ukali kuliko karibu majimbo yote, hata kwa mtu aliyekwisha kumaliza kifungo chake. Kwa kawaida mambo haya hujadiliwa mbalimbali: la kwanza kama habari ya kanuni za chama, la pili kama habari ya uhalifu na adhabu. Naona kuyatenganisha kunaficha jambo. Yote mawili huwaondoa watu kabla hesabu haijaanza, na matokeo yakishabandikwa ukutani hayana safu ya wale ambao hawakuweza kuingia. Asilimia hutimia mia, mshindi hupongezwa, na pengo halionekani.

Kokasi haifanani na uchaguzi wa kwenda kituoni, kutumbukiza kura na kurudi nyumbani. Ni mkutano. Huitishwa saa moja usiku, siku ya kazi, katikati ya majira ya baridi, kwenye ukumbi wa shule, kanisa au maktaba. Wanachama wa Republican husikiliza hotuba fupi, kisha kila mmoja huandika jina kwenye kikaratasi kwa siri. Wale wa Democratic, kwa takriban nusu karne, walikuwa na desturi nyingine: kila kundi la wafuasi lilikwenda kusimama kwenye kona yake ya ukumbi, likahesabiwa vichwa mbele ya watu wote. Kundi ambalo halikufikia kizingiti, mara nyingi asilimia 15 ya waliohudhuria, lilihesabiwa limeanguka, na watu wake wakapewa muda wa kuhamia kona nyingine huku majirani wakiwabembeleza. Kazi hiyo yote iliweza kumaliza saa mbili na kupita.

Mkenya aliyekuwa mtu mzima mwaka 1988 hahitaji maelezo marefu hapa. Mwaka huo KANU iliwachuja wagombea wake kwa mlolongo: wapiga kura walijipanga nyuma ya mgombea au wakala wake, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa. Mlolongo unakumbukwa kwa uovu wake mkubwa, yaani mistari mifupi iliyotangazwa kuwa mirefu. Iowa haikuwa na wizi wa namna hiyo. Lakini mlolongo ulikuwa na uovu wa pili, ambao haukuhitaji mwizi yeyote: kila mtu alionekana amesimama nyuma ya nani. Mwajiri aliona. Mwenye nyumba aliona. Mume alimwona mkewe, na chifu aliwaona wote. Uganda bado huwachagua wenyeviti wa vijiji kwa kupanga mistari, na hoja ya wanaoulalamikia utaratibu huo ni hiyo hiyo. Anayeogopa kuonekana hupiga kura ya uongo au hubaki nyumbani, na hakuna msimamizi atakayeandika kwamba alibaki kwa woga.

Woga si sababu pekee ya kubaki nyumbani. Fikiria ni nani huko Iowa anaweza kukaa ukumbini kwa muda wa saa mbili, usiku wa Jumatatu. Muuguzi wa zamu ya jioni hawezi. Mama mwenye watoto wawili wadogo asiye na wa kumwachia hawezi. Bibi wa miaka themanini haendeshi gari juu ya barafu gizani, na mwanajeshi aliyepelekwa ng'ambo yuko mbali. Asiyesikia vizuri au asiyeweza kusimama muda mrefu huenda akafika, akatoka kabla ya hesabu. Viwanda vya nyama vya Iowa vimejaa wahamiaji, Wakongomani miongoni mwao, na kazi ya kukata nyama haisimami kwa sababu wagombea wa urais wamekuja mjini. Katika uchaguzi wa kawaida mtu kama huyu angepiga kura asubuhi kabla ya zamu, au angeituma kwa posta. Kokasi ilimtaka awepo kwa mwili, saa ile ile, mahali pale pale.

Matokeo yake yanaonekana kwenye tarakimu. Mwaka 2016, kokasi za vyama vyote viwili Iowa zilivuta watu wasiofika 360,000, katika jimbo lenye wapiga kura walioandikishwa takriban milioni 2. Siku nane baadaye New Hampshire, jimbo ambalo wakazi wake hawafiki nusu ya wale wa Iowa, lilipiga kura za kawaida za mchujo na kupata zaidi ya watu 530,000. Januari 15, 2024, katika baridi iliyokaribia nyuzi 20 chini ya sifuri, wanachama wa Republican waliohudhuria kokasi ya Iowa walikuwa kama 110,000, ilhali chama hicho kina zaidi ya 700,000 kwenye daftari la jimbo. Vyombo vya habari vilitangaza usiku ule kwamba Iowa imeamua.

Mtetezi wa kokasi ana jibu la haraka: waliohudhuria ni kielelezo cha wasiohudhuria, kwa hiyo hata wangekuja wote matokeo yangekuwa yale yale. Jibu hili limewahi kupimwa. Mwaka 2016 jimbo la Washington lilifanya kokasi ya Democratic mwezi Machi, na Bernie Sanders akashinda kwa asilimia zaidi ya 70. Waliohudhuria walikuwa kama 230,000. Mwezi Mei jimbo lile lile likapiga kura za kawaida za mchujo ambazo hazikugawa hata mjumbe mmoja wa mkutano wa kumteua mgombea, yaani watu walijua kabisa kwamba haziwezi kubadili kitu. Zilipigwa kama 800,000, na aliyeshinda ni Hillary Clinton. Nebraska ilikuwa hivyo hivyo mwaka huo: Sanders alichukua kokasi, Clinton akachukua kura za sanduku zisizo na uzito, na waliopiga walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale wa kokasi. Wajumbe waligawanywa kwa kufuata ukumbi. Kura nyingi ziliwekwa kando kama karatasi za mazoezi.

Nisimame kidogo hapa, maana jambo hili linatugusa. Usiku wa Januari 3, 2008, Iowa ilipompa ushindi mtoto wa Mkenya, watu wa Kogelo, Nairobi na Dar es Salaam walishangilia, na walikuwa na kila sababu. Wana-Democratic wapatao 239,000 walijitokeza, idadi ambayo haikuwahi kuonekana. Barack Obama alizichukua karibu kokasi zote za msimu ule, na wajumbe aliowapata huko walikuwa nguzo ya uteuzi wake. Lakini katika jimbo hilo hilo la Washington alipata karibu asilimia 68 kwenye kokasi ya Februari, na siku kumi baadaye, kwenye kura za sanduku zisizogawa wajumbe, akapata 51. Bado alishinda, ila kwa pengo jembamba mno. Utaratibu unaowaacha watu nje unaweza kumwinua mtu tunayempenda mwaka huu na kumwangusha miaka minane baadaye. Anayeupima kwa jina la mshindi hataujua ubaya wake.

Nevada, mwaka huo huo wa 2008, iliona shida na kujaribu kuitibu. Kwa kuwa maelfu ya wafanyakazi wa hoteli na kasino za Las Vegas wangekuwa kazini mchana wa Jumamosi ya kokasi, chama kiliweka mikutano ndani ya hoteli zenyewe, ili mpishi na mfua mashuka washuke ghorofa na kuhudhuria. Chama kikubwa cha wafanyakazi hao kilikuwa kimemuunga mkono Obama. Papo hapo watu walio karibu na upande wa mpinzani wake, Clinton, wakaenda mahakamani kuizuia mikutano ile, wakidai inawapendelea wafanyakazi wa kasino kuliko wengine. Jaji alikataa. Siku ilipofika, wengi wa wafanyakazi wale walisimama upande wa Clinton. Nimeikumbuka kesi hii mara nyingi: kila upande ulipiga hesabu ya nani abaki nje kwa kukisia angesimama na nani, na makisio yenyewe hayakuwa sahihi.

Mwaka 2020 Iowa ilijaribu dawa ya aina hiyo. Iliruhusu mikutano ya pembeni kwa wasioweza kufika usiku. Mmoja ulifanyika Ottumwa saa sita mchana, kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha nyama. Walifika watu 15, wengi wao wenye asili ya Ethiopia, na 14 wakasimama na Sanders kabla hawajaingia zamu. Mingine ilifanyika hata Paris, Glasgow na Tbilisi. Lakini usiku wa Februari 3 programu ya simu iliyotengenezwa kupeleka matokeo ilikwama, simu za makao makuu zikazidiwa, na taifa likasubiri siku kadhaa bila kujua nani kashinda. Mwaka 2012 upande wa Republican ulikuwa umepata fedheha yake: Mitt Romney alitangazwa mshindi kwa kura 8, wiki mbili baadaye ikabainika kuwa Rick Santorum alimzidi kwa kura 34, na matokeo ya vituo 8 hayakupatikana tena. Mwaka 2016, mahali kadhaa ambapo makundi yalilingana, wajumbe wa Democratic waliamuliwa kwa kurusha shilingi.

Fedheha hizo zilifanya kazi ambayo malalamiko ya wauguzi na wazee hayakuifanya. Colorado, Minnesota, Washington na Nevada ziliacha kokasi za Democratic na kuingia kwenye kura za sanduku. Minnesota iliyokuwa na wahudhuriaji kama 200,000 mwaka 2016 ilipata zaidi ya 740,000 mwaka 2020. Mwaka 2024 chama hicho kiliinyang'anya Iowa nafasi ya kwanza. Kokasi haijafa, kwani Republican wa Iowa bado wanayo, lakini upande wa Democratic umekaribia kuitupa.

Haki niwatendee waliokuwa wakiitetea kwa moyo safi. Jirani kuketi na jirani na kubishana juu ya nchi, mgombea asiye na mamilioni kuweza kusikilizwa katika chumba cha watu arobaini, mtu kuwa na chaguo la pili la kwanza likianguka: hivi ni vitu vyema na sijui kama kura ya posta inaweza kuvileta. Kosa ni kuvifanya kuwa nauli ya kuingilia. Baraza la kijiji lina thamani, na kura ina thamani. Ukimlazimisha mtu apite barazani ndipo apate kura, umempa kura mwenye muda.

Upande wa pili wa nyumba ni mzito zaidi.

Sheria za kuwanyima kura waliohukumiwa zilikuwepo Marekani tangu zamani, lakini zilipata meno baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, watumwa walipokuwa wameachwa huru na kupewa kura. Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, yalitaka kuliadhibu jimbo lolote litakalowanyima raia wake kura, lakini yaliacha mlango kwa wale wanaonyimwa kwa sababu ya uasi au kosa jingine la jinai. Majimbo ya Kusini yakapita katika mlango huo. Mississippi, ambako watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe, iliandika katiba mpya mwaka 1890 na kuorodhesha makosa ya kumpotezea mtu kura maisha yake yote: wizi, kuchoma mali moto, kujipatia fedha kwa udanganyifu, kughushi, kuoa wake wawili na mengineyo. Kuua hakukuwemo. Kubaka hakukuwemo. Walioandika waliamini kwamba yaliyomo ndiyo makosa ya mtu mweusi, na mwaka 1896 Mahakama Kuu ya jimbo lenyewe ilieleza bila kificho kwamba mkutano wa katiba ulichagua makosa kwa kufuata rangi. Hebu pima: kwa karibu miaka themanini, Mississippi ilimwona mwizi hafai kupiga kura na muuaji anafaa. Mauaji na ubakaji viliongezwa mwaka 1968.

Alabama ilifanya kama hayo mwaka 1901, na rais wa mkutano wake wa katiba alisema hadharani kwamba nia ni kusimika utawala wa weupe ndani ya sheria. Kifungu hicho kilidumu hadi mwaka 1985, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokitengua. Lakini mahakama hiyo hiyo, mwaka 1974, ilikuwa imekwisha kuamua katika kesi ya California kwamba kumnyima kura aliyetiwa hatiani ni halali kwa ujumla wake, kwa kutegemea ule mlango wa mwaka 1868. Ndiyo maana orodha ya Mississippi bado ipo. Mwaka 2023 jopo la majaji watatu wa rufaa liliitengua kama adhabu ya kikatili. Julai 2024 mahakama nzima ya rufaa ikaipindua hukumu hiyo na kusema wenye kulalamika waende bungeni. Bungeni kwenyewe, mtu anayetaka kurudishiwa kura yake kwa njia hiyo huhitaji muswada wenye jina lake peke yake, upitishwe kwa theluthi mbili za kila baraza. Mtu aliyeghushi hundi akiwa kijana huwangoja maseneta wamjadili kwa jina.

Shirika la The Sentencing Project lilikadiria mwaka 2024 kwamba Wamarekani wapatao milioni 4 hawana kura kwa sababu ya hukumu ya jinai, na kwamba mtu mzima mmoja mweusi kati ya kila 22 yumo ndani ya hesabu hiyo. Wengi wao hawamo gerezani. Wamo mitaani, wanafanya kazi, wanalipa kodi, wanapeleka watoto shule. Wako chini ya uangalizi wa mahakama, au wamemaliza kila kitu na bado hawajarudishiwa. Hatima yao hutegemea upande wa mpaka wanakoishi. Maine, Vermont na mji mkuu Washington D.C. humruhusu hata aliye gerezani apige kura. Majimbo mengi hurudisha haki mtu akitoka jela au akimaliza uangalizi. Machache hudai msamaha wa gavana.

Mwaka 2024 nchi nzima iliona jinsi mpaka unavyofanya kazi. Donald Trump alitiwa hatiani New York mwezi Mei kwa makosa 34, na Novemba akapiga kura Florida bila tatizo la kisheria, kwa kuwa Florida hufuata sheria ya jimbo lililomhukumu mtu, na New York huzuia tu aliye gerezani. Sina kinyongo na kura ile. Ilikuwa haki yake, na akaibeba hadi Ikulu. Nasikitika kwamba mtu wa Tampa aliyehukumiwa na mahakama ya Tampa kwenyewe hakuwa na bahati ya kuhukumiwa New York.

Florida inastahili kutazamwa kwa kirefu, maana huko kila kitu kilijitokeza. Katika uchaguzi wa mwaka 2000, urais wa Marekani uliamuliwa Florida kwa kura 537. Kabla ya siku hiyo jimbo lilikuwa limewapa wakandarasi kazi ya kusafisha daftari kwa kuwaondoa wenye hatia za jinai, na orodha iliyotoka ilijaa makosa. Watu wasio na hatia yoyote walijikuta wametajwa kwa kufanana majina. Kufikia mwaka 2016, takriban watu milioni 1.5 wa Florida walikuwa wamefungiwa nje, kiasi cha mtu mzima mweusi mmoja kati ya watano. Aliyetaka kurudi alingoja miaka mitano au saba, kisha akasimama mbele ya gavana na wenzake watatu, ambao hawakuwa na kanuni ya kuwabana. Mwaka 2018 jaji wa shirikisho alisema utaratibu huo ni wa kubahatisha na hauendani na Katiba.

Novemba mwaka huo huo ilipitishwa kura ya maoni, Marekebisho ya 4, yakiongozwa na Desmond Meade, mtu aliyewahi kufungwa, akasomea sheria, na hakuweza kuupigia kura mswada wake mwenyewe. Karibu asilimia 65 ya wapiga kura, zaidi ya milioni 5, walikubali kuwarudishia haki waliomaliza adhabu, isipokuwa kwa mauaji na makosa ya kingono. Furaha haikudumu mwaka. Juni 2019 bunge na gavana Ron DeSantis waliweka sheria kwamba adhabu haijamalizika mpaka faini, ada na gharama zote za mahakama zilipwe. Zaidi ya hayo, jimbo halikuwa na daftari moja la kumwonyesha mtu anadaiwa kiasi gani. Jaji Robert Hinkle, mwaka 2020, alisema huu ni utaratibu wa kulipia kura. Mahakama ya rufaa ikampindua mwezi Septemba, kwa majaji 6 dhidi ya 4. Makadirio ya mwaka 2024 yanasema zaidi ya watu 900,000 wa Florida bado wako nje, wengi wao kwa kuwa wana deni. Agosti 2022 kitengo kipya cha jimbo kiliwakamata watu 20 kwa kupiga kura bila haki. Wengi wao walikuwa wamejiandikisha wazi na kupewa kadi na maofisa wenyewe wa jimbo. Picha za kamera za polisi zinawaonyesha wakiwa wamefungwa pingu, wakiuliza wamefanya nini.

Ukitaka kujua waliobaki wamenyamaza kwa nini, usihesabu wale ishirini tu. Hesabu na watu wenye haki kamili walioziona picha zile wakaamua kwamba kura haina thamani ya pingu.

Iowa, nayo, ilikuwa ikiyumba kwa kalamu ya gavana. Tarehe 4 Julai 2005 Tom Vilsack alitia saini amri ya kuwarudishia kura waliomaliza vifungo. Januari 2011 Terry Branstad akaifuta siku ya kuingia madarakani. Katika kuyumba huko alinaswa mama mmoja aliyemaliza adhabu yake, akaamini anayo haki kama alivyoambiwa zamani, akaenda kupiga kura ya serikali za mitaa mwaka 2013 na watoto wake wakiwa pembeni. Alishtakiwa kwa kiapo cha uongo. Jopo la raia lilimwachia huru, lakini Mahakama Kuu ya Iowa, mwaka 2016, ilisema sheria ya kumnyima kura ibaki. Agosti 2020 gavana Kim Reynolds alitia saini amri nyingine ya kurudisha. Amri hiyo nayo ni saini tu. Gavana ajaye anaweza kuifuta asubuhi moja.

Wapo wanaosema aliyevunja sheria asishiriki kuitunga. Hoja hii ina uzito kwa mtu aliyeibiwa au aliyeuliwa nduguye, na sitaipita kama haipo. Lakini ikitazamwa karibu, haielezi kwa nini kura pekee ndiyo iondolewe, ilhali aliyefungwa hubaki na uraia, hutozwa kodi na huhesabiwa kwenye sensa ili kata ya mtu mwingine ipate kiti. Wala haielezi deni la ada za mahakama linavyomfanya mtu azidi kuwa mhalifu. Afrika Kusini ililijibu swali hili mapema: Mahakama ya Katiba mwaka 1999, na tena mwaka 2004, iliwalinda wafungwa katika haki yao ya kura. Kenya ililijibu kwenye kura ya maoni ya katiba ya mwaka 2010, na kuanzia mwaka 2017 wafungwa wake wamempigia kura rais wakiwa ndani ya magereza. Desemba 2022, Mahakama Kuu ya Tanzania ilitamka kwamba kifungu kilichomnyima kura aliyehukumiwa zaidi ya miezi 6 kinapingana na Katiba. Nchi hizi tatu zina matatizo mengi ya uchaguzi, na hakuna aliyethibitisha kwamba kura za wafungwa ni mojawapo.

Kuna tofauti moja kati ya njia hizi mbili za kuachwa nje, nayo ndiyo inayonielezea kwa nini kokasi imekaribia kuisha na marufuku ya kura bado imekaa. Muuguzi aliyeikosa kokasi alikuwa na kura Novemba. Chama kilimhitaji, na kilipoaibika kilikuwa na sababu ya kumtengenezea njia. Aliyetiwa hatiani hana kura Novemba wala mwezi mwingine wowote. Mwanasiasa anayemsahau hapotezi kitu, na anayemkumbuka anahatarisha kuitwa rafiki wa wahalifu. Sheria iliyomwondoa imeondoa pia silaha ya kuipinga. Florida ilibidi watu milioni 5 wapige kura kwa niaba ya majirani zao. Mississippi hawajapata hata nafasi hiyo.

Hata mahabusu, ambaye hajahukumiwa na ambaye kisheria anayo kura yake kamili, mara nyingi hukaa na haki hiyo kama noti isiyochenjika, kwa kuwa hakuna anayemletea karatasi. Katika gereza la kaunti ya Cook, Chicago, kituo cha kupigia kura kiliwekwa ndani mwaka 2020, na mahabusu wakajipanga kama watu wengine wanavyojipanga shuleni.

Maine wana njia ya kimya zaidi. Mfungwa huko hahesabiwi kuwa mpiga kura wa mji wenye gereza. Anabaki mpiga kura wa mji alikokuwa akiishi kabla ya kufungwa, hata kama atakaa ndani miaka thelathini. Huomba karatasi kwa posta, huijaza, huitia kwenye bahasha, na bahasha hurudi kwa karani wa mji wake, ambako inafunguliwa pamoja na za wazee, wagonjwa na mabaharia, na kutiwa kwenye hesabu moja.